Miche ya Ilka na Watakatifu wa Baridi

Jumamosi, 6 Mei
Miche arobaini na mmoja ya pilipili dirishani, kila mmoja ndani ya kikopo cha krimu. Yote imetoka kwenye bahasha ya mwisho ya mke wangu Ilka, mbegu alizozikausha Septemba, miezi miwili kabla ya kufa. Shemeji Rozália aliniambia nibakize japo mbegu kumi. Nikamjibu kwamba kubakiza ni woga. Nikapanda zote. Miche hii ikifa, basi, imekwisha pilipili ya mama yake Ilka na ya bibi yake.

Jirani Vendel ameniuliza kama nangoja watakatifu wapite. Pankrasi, Servasi, Bonifasi, tarehe kumi na mbili hadi kumi na nne, sikukuu zao zinazosemwa huleta jalidi, umande ulioganda unaoua miche. Kijiji kizima kinaficha miche ndani kwa hofu ya wafu watatu. Nimemkumbusha kuwa mimi nafundisha historia. Akasema, "Basi miaka ya jalidi unaijua, Mwalimu."

Jumatatu, 8 Mei
Ilka alikuwa akiizoesha miche nje taratibu. Leo nusu saa kivulini, kesho saa nzima, wiki mbili za kutoa na kuingiza. Kudekeza tu. Nimeitoa yote asubuhi, juani, nikaenda kuliandikia gazeti la wilaya barua dhidi ya ushirikina wa bustanini. Barua kali, kurasa nne. Niliporudi saa kumi majani yalikuwa meupe kama karatasi. Kumi na tisa imekufa. Rozália amepiga simu. Nimemwambia inaendelea vizuri.

Alhamisi, 11 Mei
Barua imetoka! Wameikata ikabaki aya moja, chini ya tangazo la vifaranga. Haidhuru. Ili maneno yaendane na matendo, nimepanda miche yote ishirini na miwili bustanini, Vendel akitazama. Kwa upole ulioniudhi ameniomba niangalie mbingu. Jioni ikiwa safi, bila wingu wala upepo, nifunike, maana ndipo jalidi hushuka. Nikamwambia mbingu haisomi kalenda. Ndoo za Ilka za kufunikia ziko ghalani, zimepangwa alivyoziacha. Sikuzigusa.

Ijumaa, 12 Mei
Jalidi. Nyasi nyeupe zote. Miche ishirini na miwili imelala kwenye tuta, myeusi, laini kama mboga iliyochemshwa. Nimepiga magoti, na si kwa ajili ya Pankrasi. Nimemwomba Ilka msamaha kwa sauti. Simu ya Rozália sikuipokea.

Jumapili, 14 Mei
Vendel ameleta vikopo sita. Miche mifupi, minene, yenye majani yale yale yaliyochongoka. Niliitambua kabla hajafungua mdomo. Kumbe Ilka alimpa mbegu kila mwaka juu ya uzio, mimi nikiwa ndani naandika. Alimwambia, "Mtunzie Dezső wangu akiba. Iko siku atazipanda zote kwa hasira."

Vendel hana nyingine. Panya wamemaliza zilizobaki. "Ni hii sita tu, Mwalimu. Mngoje Mtakatifu Urbano, tarehe ishirini na tano. Naye anauma." Tukanywa pálinka, pombe kali ya matunda. Nililia. Yeye, kwa heshima, akakodolea macho banda la kuku.

Nimeapa kungoja.

Jumapili, 21 Mei
Wiki nzima nimeitoa na kuiingiza kama alivyofanya Ilka. Mikono yangu inanuka kama yake. Jana nilijikuta naisemesha.

Lakini gazeti limechapisha jibu. Mtu asiyejitaja jina anauliza kama Mwalimu wa barua ile bado ana pilipili, au Pankrasi amemsahihishia insha. Dukani wamecheka hadi muuza mikate akakaa chini. Hili haliwezi kupita hivi hivi. Si habari ya pilipili tena, ni habari ya akili ya binadamu.

Urbano bado siku nne. Vendel yuko kanisani. Ndoo ziko ghalani, na huko zitabaki. Mbingu safi kabisa, hakuna wingu, upepo umetulia. Dalili njema. Nimeshachimba mashimo sita.