Mgongo Wangu Mbele ya Jaji

Jumatatu, 4 Desemba
Tarehe imepita. Benki ilikubali kunisamehe riba yote nikilipa rupia laki ishirini kabla ya Novemba kuisha. Pesa nilikuwa nazo! Nikanunua nyuzi za sufu, maana mji mzima wa Ludhiana ulisema baridi itakuwa kali. Watu wanatembea na mashati. Masweta yamejaa hadi dirishani.

Sasa benki itapiga nyumba mnada. Mke wangu Nirmal ameuliza nyumba gani. Nimemwambia hii tuliyomo. Leo sikupewa chapati.

Mpango: kuiomba Mahakama Kuu iniongezee muda. Wakili Grewal anataka sababu nzito. Tumechagua mgongo. Novemba yote nilikuwa kitandani, kugeuka siwezi.

Alhamisi, 7 Desemba
Jirani yangu Kewal Bhandari, naye mtu wa masweta, amekuja kunipa pole. Akapima sebule kwa hatua. Akasema ukuta ule yeye angeuvunja. Fisi! Anasubiri mnada.

Jumanne, 12 Desemba
Chandigarh, mahakamani. Nimeingia na mkongojo. Wakili wa benki, binti mdogo mwenye miwani, akamwonyesha jaji video ya harusi ya mtoto wa Kewal, katikati ya Novemba. Anayecheza ni mimi. Nimembeba shemeji yangu mabegani. Kewal ndiye kawapa benki video!

Jaji, mama mtulivu, aliitazama hadi mwisho.

“Bwana Sethi, huo ndio mgongo mbovu?”

“Mheshimiwa, hiyo ndiyo siku ulipoharibika.”

Grewal akainamisha kichwa. Jaji akasema makubaliano ni makubaliano, mahakama haitayaandika upya kwa ajili yangu. Ila nikiweka nusu kabla ya Ijumaa, ataiomba benki ivumilie hadi mwisho wa Januari. Wakili wa benki akakubali. Nisipoweka, nyumba iende.

Alhamisi, 14 Desemba
Nirmal amevua bangili zake zote za dhahabu, za harusi na alizoachiwa na mama yake. Hakulia.

“Baba Simran, nikikupa hizi zitafika?”

Nimeapa. Akavaa viatu, akaenda mwenyewe kuziuza na kulipa benki. Nimeumia kidogo. Aliporudi, mikono yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Jumatano, 3 Januari
Baridi! Ukungu, barabara haionekani! Masweta yamekwisha yote. Hata Kewal kanunua, kanuna. Nusu iliyobaki ya benki ninayo mkononi. Nirmal kanipikia mboga za haradali, kaniongezea siagi bila kuombwa.

Ijumaa, 5 Januari
Nirmal kaenda kwa binti yetu Simran, mjukuu anaumwa. Kaniambia niende benki moja kwa moja, nisisimame popote.

Nimesimama mara moja tu. Feni za dari! Kiwanda kinafungwa, zinauzwa bei ya bure. Nani mwingine ana akili ya kununua feni kwenye ukungu? Nimechukua zote. Mwezi wa Mei Kewal atakuja kunipigia magoti, anatiririka jasho.

Nimempigia Grewal aanze kuandika ombi la kuongezewa muda. Kauliza sababu ni ipi. Nimemwambia aanze leo leo. Safari hii hatutachelewa.