Mfumo Wangu wa Adabu na Mzee Donati

Jumatatu, 16 Juni

Nimedhalilishwa. Angela kasoma ujumbe wangu tangu asubuhi, tiki zimegeuka buluu, kimya. Halafu kaweka picha: yupo Mikumi, nje ya hoteli anakofanya kazi mapokezi, kashikwa bega na mwanaume mwenye kofia ya waongoza watalii. Anacheka! Na Jumamosi hii mshenga wangu, Mzee Valentino, anakwenda kijiji cha Ulaya, si kule kwa Wazungu, kwa baba yake kuniposea.

Hata hivyo kazi sikuiacha. Leo nimemaliza mfumo wa meseji wa ushirika wetu wa wakulima wa ufuta hapa Magomeni yetu, si ile ya mjini. Unamtangazia kila mwanachama siku ya mnada, na unasalimia kwa adabu: mtu mzima shikamoo, kijana mambo vipi. Umri unausoma wenyewe. Marko, mwenzangu ofisini, aliona ninavyozibamiza herufi, akashauri niache hadi kesho, eti mwenye hasira hukosea. Nikamwambia kompyuta haina moyo. Akaomba aupitie kabla haujatumika. Aupitie! Wivu tu.

Mpango wangu: meseji ya kwanza iende kwa Mzee Donati, baba yake Angela, ambaye ni mwanachama. Mshenga akifika atamkuta kashalainika.

Jumanne, 17 Juni

Hujuma! Vijana wote wa kijiji jirani cha Mvumi wameamkiwa shikamoo, na wazee wameulizwa mambo vipi. Mzee Lenku, mfugaji mwenye heshima zake, katembea na fimbo yake hadi ofisini kuuliza aliyemwandikia ni wa rika gani. Mama Generoza, meneja wetu, alimpa kiti na chai, kisha akanitazama mimi.

Alama moja tu. Penye "zaidi ya miaka arobaini" pamekuwa "chini ya". Nani kaigeuza? Nilikuwa peke yangu, sawa, lakini mwenye kosa ni yule wa kofia.

Jioni Mzee Donati akapiga. Nilimwamkia mara moja, kwa unyenyekevu wote. Hakuitikia.

"Kijana, salamu yako nimeipata," alisema, akakata.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia Mama Generoza naumwa jino, nikapanda basi la Mikumi. Nilijibanza kwenye maua ya hoteli nimchunguze mwenye kofia. Nyani akanipora andazi mkononi. Nilipiga kelele, Angela akatoka.

Nilimweleza bila kificho kwamba anajua kuumiza watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni baba mdogo Nikolaus," alisema. "Na Jumamosi ndiye atakayekaa na mshenga wako. Ungeuliza tu, Yared."

Hakunijibu juzi kwa sababu wageni walikuwa wengi. Basi! Wageni! Mtu ateseke kwa ajili ya wageni! Akauliza mbona baba yake kanuna. Nikasema sijui. Akasema hata hivyo niende Ulaya nikamwombe radhi. Nikamhakikishia nitaiomba, tena kitaalamu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeamka na furaha ya ajabu. Nimeandika nikiimba. Kila mzee katumiwa meseji: shikamoo, ushirika unaomba radhi. Nikaongeza na utu kidogo: atakayejibu, mfumo umrudishie salamu papo hapo. Marko akauliza kama nimeujaribu. Jumatatu alilalamikia hasira, leo analalamikia furaha. Huyu mtu anataka nini?

Kufika mchana, balaa. Mzee anajibu marahaba. Mfumo unapokea, unarudisha shikamoo. Anaitikia tena, unaamkia tena. Mzee Lenku kazima simu akaenda kwa ng'ombe wake. Lakini Mzee Donati kalelewa na shule ya misheni. Hajawahi kuiacha shikamoo ya mtu bila kuiitikia, na hakutaka kuanza leo. Uji ulipoa mbele yake. Mkewe alimsihi aache, yeye akasema anayeamkia bado hajamaliza.

Angela, aliyeelezwa yote na mama yake, akanipigia. "Zima mashine yako. Baba kidole kinamtetemeka."

Nilichelewa kidogo kuizima. Nilikuwa nawaza sauti yake ilivyo nzuri hata akiwa amekasirika.

Jumamosi, 21 Juni

Jana Mama Generoza kanipokonya mfumo akampa Marko. Marko kaweka "Habari za leo" kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo. Huo ndio utaalamu!

Mzee Valentino karudi kutoka Ulaya amechoka, kanieleza bila hata kukaa. Hawajakataa. Hawajakubali pia. Mzee Donati anataka kesho baada ya ibada niende mwenyewe, nimwamkie kwa mdomo wangu, ndipo wazungumze. Nisipofika, habari ya uchumba imekwisha.

Angela kaandika: njoo, ni shikamoo moja tu.

Kwa mdomo! Mtaalamu mzima niitwe kama mtoto aliyevunja chungu! Nimelia kwa hasira, lakini haya ni mambo binafsi, hayahusiani na kazi.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda. Si woga. Walitaka mdomo wangu, watapata mdomo wangu: nimetengeneza mfumo unaompigia simu Mzee Donati na kumwamkia kwa sauti yangu mwenyewe, niliyoirekodi jana nikiwa bado nalia. Ukisikia kimya, unarudia. Sijaujaribu, hakuna haja, leo nimetulia kabisa.

Angela ananipigia tangu ibada ilipokwisha. Asubiri. Mashine inaongea na baba yake.