Mashine, Ndagala na Bidoni ya Njano

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Siku kubwa! Mashine ya kufua aliyotutumia binti yetu Elsa kwa boti la Kigoma imefanya kazi leo kwa mara ya kwanza. Nimeiweka stoo, kando ya magunia ya mke wangu Alphonsine yanayosubiri lori la Lubumbashi. Ndani ya magunia mna ndagala, yaani samaki wadogo wa ziwa letu waliokaushwa. Hapa Kalemie kila mtu anajua, lakini kueleza hakujawahi kumdhuru mtu.

Bomba letu hutoa maji linapojisikia, kwa hiyo mashine tumeimiminia kwa ndoo. Ndoo nne. Na maji ya sabuni yakitoka? Wengine wangeelekeza mpira wa kutolea maji kwenye tundu la ukutani, yamwagike uani. Upotevu! Mimi nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari. Mpira nimeuchomeka ndani ya bidoni ya njano, lile dumu letu la maji, nyuma ya mashine. Maji hayo tutasugulia choo. Kisha nikafunga mlango na kukaa barazani, maana mtu mwenye busara hasimami karibu na kitu kinachotetemeka.

Jioni: bidoni imejaa hadi mdomoni. Hata tone halikupotea!

Sakafu nayo ni bwawa. Mashine inavuja.

Jumanne, tarehe 8

Gunia moja limelowa chini. Alphonsine ameuliza: Papa Elsa, mashine iliyokunywa ndoo nne itakojoaje ndani ya bidoni moja? Nimemwambia lugha hiyo haimfai mke wa mkuu wa shule. Nikamfafanulia kwa subira kwamba maji mengine hunywewa na nguo. Amesema nguo zake hazina kiu ya namna hiyo. Nikaanza upya, tangu mwanzo. Akaenda sokoni kabla sijafika kwenye uvukizi.

Nashuku mpira wa mlango wa mashine. Nimeusugua kwa limau, nikaupaka mawese. Mpira ni kama ngozi, hupenda mafuta. Nimefua tena.

Mafuriko. Na mashuka yamekuwa ya rangi ya machungwa.

Jumatano, tarehe 9

Neno zito limetamkwa. Lori linakuja Jumatatu. Mashine ikilowesha gunia jingine, hata moja, Alphonsine anaiuza. Kwa nani? Kwa Papa Damien! Jirani yetu, mstaafu wa bandari, ambaye tangu mashine ishuke botini hajaacha kuchungulia juu ya ua. Afadhali niitupe ziwani.

Magunia yamehamia chumbani kwetu. Tunalala na ndagala. Paka wa mtaa mzima wako dirishani.

Alhamisi, tarehe 10

Sayansi! Unatandaza unga sakafuni. Maji yakipita yanachora njia, nawe unaifuata hadi kwenye chanzo. Nimetumia unga wa muhogo wa jikoni, Alphonsine akiwa sokoni.

Matokeo: njia moja tu, wazi kabisa, inaanzia kwenye bidoni. Nimeitafakari sana. Hitimisho: sakafu imeinama, na maji yanakimbilia bidoni. Nimeinua mashine kwa matofali upande mmoja. Ilipoanza kuzunguka ikatembea hadi mlangoni, kama inayotaka kutoka.

Unga umeganda sakafuni. Alphonsine ameukuta, akasema hiyo njo bukari yangu ya jioni, yaani ugali wangu. Nilidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha.

Jumamosi, tarehe 12

Asubuhi ya salongo, mtaa mzima unafagia. Papa Damien amekuja kuazima bidoni. Aliona matope mlangoni, akaniita kwa cheo changu cha shule: Prefe, unafuga mashine au kiboko? Watu wakacheka, mafagio mkononi. Nikampa bidoni ili aondoke. Mpira wa kutolea maji nikauchomeka kwenye tundu la ukutani usinisumbue.

Kisha tiba ya mwisho. Nimekata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakifunga kwa nguvu kwenye shingo ya bomba la kuingizia maji. Shingo ilikuwa kavu, ni kweli. Lakini kuzuia ni bora kuliko kutibu.

Nimefua. Sakafu kavu! Kavu kama majivu! Nimemwita Alphonsine. Akapapasa sakafu kwa kiganja, akageuza kiganja, akapapasa tena. Akaenda chumbani, akarudi na gunia la kwanza. Gunia hilo ni diploma yangu.

Magunia yamerudi stoo. Tunalala bila paka.

Jumapili, tarehe 13

Baada ya misa Papa Damien amerudisha bidoni, imeoshwa vizuri. Nimemsimamisha kwenye ua nikamweleza siri ya kipande cha baiskeli, tangu mwanzo. Alikuwa anatazama bidoni. Akaomba ruhusa, eti bukari inapoa.

Alphonsine yuko kwenye kwaya. Nimerudisha bidoni mahali pake na mpira ndani yake. Kusherehekea, nafua mapazia yote ya nyumba. Nimekaa barazani. Upepo wa ziwa mzuri sana.

Jumatatu, tarehe 14

Lori limekuja. Limeondoka bila magunia ya chini, yamelowa tena.

Alphonsine hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Ametandaza ndagala upya juani, akaketi kwenye kigoda na fimbo ya kufukuzia paka. Papa Damien alipoingia na pesa, kwa fimbo hiyo hiyo akamwonyesha mashine ilipo.

Jumatano, tarehe 16

Nimechungulia juu ya ua. Kwa uchunguzi tu. Papa Damien ameiweka mashine uani, mpira wake unamwaga kwenye migomba. Amefua jana, amefua leo. Haivuji hata tone!

Bila shaka haivuji. Kipande changu cha baiskeli bado kimefungwa shingoni. Kilihitaji muda kushika, basi. Mtu anafaidi elimu yangu bure, wala hajui kushukuru.

Lakini kwa haraka yake ya kubeba mashine amesahau kitu cha maana kuliko vyote. Bidoni imebaki kwangu! Leo namwandikia Elsa atume mashine nyingine. Pa kukingia maji tayari papo.