Nafasi ya Mwisho ya Dereva wa Basi la Shule

Verlyn Aasgaard
Barabara ya Ghala la Nafaka, Elk Slough
Kaunti ya Brandvold, Minnesota

Kwa Bi. Paulette Zimmer,
Mkurugenzi, Ofisi ya Uchumi ya Kaunti

Bibi Mkurugenzi,

YAH: TANGAZO LENU LA KAZI LILILOTUKOSEA ADABU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba umeshapata mtu wa kukuondolea theluji mlangoni.

Mimi si mtu wa kulalamika. Mke wangu Darlys atakuambia kwamba nilikaa na jino bovu tangu mavuno hadi Krismasi nikisema si mbaya sana. Lakini huo Wasifu wa Nguvukazi mliotubandikia ukutani pale posta umenifika shingoni. Mmeandika humo kwamba watu wa Elk Slough, tangu kiwanda cha batamzinga kifungwe, “hawana hamu ya kazi.” Ushahidi wenu ni kwamba nafasi ya dereva wa basi la shule imekaa wazi majira yote ya baridi bila mwombaji hata mmoja. Kwa heshima zote, kosa ni lenu.

1. Tangazo lilisema: “Imebaki nafasi moja tu, ya mwisho. Wahi!” Bibi, wewe umetoka Chicago, na mgeni ni mgeni, tunakusamehe. Lakini hapa kwetu mtu hachukui cha mwisho. Ulikuja mwenyewe kwenye chakula cha kanisa, ukakiona kipande cha mwisho cha keki ya Darlys. Hukuona watu wanavyokikata nusu, na nusu ya nusu, hadi ikabaki chembe ambayo hata nzi angeona haya kuigusa? Wewe ukanyoosha mkono, ukaitia kinywani. Ukumbi mzima ukaweka uma chini. Bado tunakuombea.

2. Siku tangazo lilipobandikwa, wanaume tuliokuwa tukifanya kazi kiwandani tulikuwa kwenye meza ya kahawa pale kwenye ghala la nafaka. Wote tuliitaka hiyo kazi. Duane Kittelson akamwambia Myron Foss, “Chukua wewe, kaka, una watoto.” Myron akajibu, “Aka! Chukua wewe, una mkopo wa trekta. Mimi nimeshiba.” Ameshiba nini, na sote tunajua kwake siku hizi kitoweo ni sungura wa kutega? Wakanigeukia mimi. Nikasema na mimi nimeshiba. Basi tukanywa kahawa, tukaisifu hali ya hewa, kila mtu akaenda kwake kutazama ukuta.

3. Msiseme hatukujaribu. Watoto walipokosa dereva, mkuu wa shule alituomba tujitolee. Duane akaendesha nusu ya njia, akamwachia Myron iliyobaki. Myron akaendesha nusu ya hiyo, akashuka darajani, akamwachia nduguye Gaylen. Gaylen akafika kwenye tangi la maji, akaona haya kumaliza, akaniachia mimi. Na mimi si mlafi, bibi. Niliendesha kipande changu, nikasimama mahali ambapo shule inaonekana vizuri kabisa, nikazima injini, nikangoja mtu wa kuchukua kilichobaki. Tulikaa pale hadi vioo vikaganda. Mtoto mmoja akasema, “Mzee Verlyn, si utufikishe tu?” Hana adabu, lakini wazazi wake ni wageni, wa Wisconsin. Watoto wakamalizia kwa miguu.

4. Kwa hiyo naomba mtangaze nafasi mbili. Ya pili si lazima iwepo. Iandikeni tu, ili mtu achukue ya kwanza kwa dhamiri safi, akijua amewaachia wenzake. Na mkishaanza, kwa nini muishie mbili? Tangazeni ishirini. Tangazeni na zile za kiwanda, milango ilishapigwa misumari na hakuna atakayekwenda kuhakiki. Takwimu zenu zitanawiri, na kaunti jirani itakufa kwa kijicho.

5. Hili naliandika kwa sababu Darlys yuko zamu. Kazi ile ina bima ya afya, ya dereva na mkewe. Goti la Darlys limekwisha. Mchana kutwa anawainua wazee wa watu vitandani kwenye nyumba ya wazee, kisha akirudi anapanda ngazi zetu kwa makalio, kidato kwa kidato, akidhani simsikii. Namsikia. Inaniuma sana. Lakini usinielewe vibaya, siombi kazi. Wapo wenye shida kuliko mimi.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule bwana wa takwimu, na mumeo, na mbwa wenu aliyemuuma Gaylen, mwambie Gaylen hana kinyongo.

Ni mimi mkazi wenu, ambaye kwa kweli hali yake si mbaya sana,
Verlyn Aasgaard

N.B. Darlys amerudi akaikuta barua hii mezani, akaisoma yote. Kisha akaleta sahani yenye kipande cha mwisho cha keki, akaiweka mbele yangu. “Kula, Verlyn.” Nikachukua kisu. Akaninyang'anya kisu. Basi nimekila chote, na kumbe ni kitamu hivi! Kwa hiyo yafute yote niliyoandika hapo juu. Msitangaze nafasi ya pili, na hiyo moja ibandueni ukutani. Barua hii naileta mwenyewe asubuhi, nikabidhiwe funguo za basi papo hapo. Duane akitangulia kufika, muulize kwa upole kama anaihitaji kweli. Atakuambia ameshiba.