Kozi Saba kwa Wakwe wa Anna

Alhamisi, 12 Oktoba 2006

Sijawahi kumwambia mtu: nimekariri chakula chote cha jioni cha daraja la kwanza katika meli kubwa za mwaka 1908, kuanzia chaza hadi jibini. Shuleni siongei. Lakini nipe meza, uma sita na kitambaa kilichopigwa pasi, nitalisha abiria mia.

Jumamosi wazazi wa Festus wanatoka Columbia, mji wa jirani hapa ughaibuni, kuja kumposa dada yangu Anna. Anna hali, halali. Anasema Mzee Simiyu akiondoka na kinyongo, basi tena; Festus hawezi kumpinga baba yake. Nimemwambia atulie. Mama alitaka pilau, kuku na soda. Daraja la tatu kabisa! Nimejitolea kuandaa mimi. Amekubali kwa sababu kesho ana zamu ndefu ya kutunza wazee.

Kozi saba: sahani saba, moja baada ya nyingine. Mpango hauna kasoro.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mama ameacha agizo moja: firigisi za kuku ziwekwe kando, ni za Mzee. Najua. Kwa Waluhya kama yeye, mgeni mkubwa asipoiona firigisi kwenye sahani yake, hajakaribishwa. Hata kwetu Wanyakyusa ni ya baba. Lakini kumpa mtu wa heshima firigisi tupu, hivi hivi? Kwenye meli wangeisaga na siagi na kuipaka juu ya biskuti. Nimesaga. Biskuti nane, nzuri kama vito.

Binamu yangu Queen amechungulia, akauliza kama wakwe ni wanasesere. Wivu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Niandike kwa utulivu.

Kozi ya kwanza, biskuti. Wanawake huhudumiwa kwanza, ndio utaratibu wa meli. Sinia lilipomfikia Mzee lilikuwa na jani la kotimiri tu.

Kozi ya nne, barafu ya ndimu, ya kusafisha kinywa. Mzee alidhani karamu imekwisha, akaanza sala ya kushukuru. Ilikuwa ndefu. Tukasema amina, nikaleta kuku.

Mzee akageuza vipande kwa uma, kimoja kimoja. Akauliza kwa upole, "Na firigisi iko wapi?"

Nilieleza. Sauti ilikuwa ndogo lakini hoja zilikuwa imara. Anna alijifunika uso. Mzee alipangusa mdomo, akamwambia mkewe achukue koti.

Mkewe, Mama Edah, hakuinuka. Alikuwa amekula biskuti tano.

"Miaka thelathini na moja nakupikia hiyo kitu," alimwambia, "na hujawahi kuniambia ni tamu hivi."

Akaongeza kwamba yeye Anna ameshamkubali. Mzee akasema yeye bado. Watarudi wiki ijayo, na kuku awe na viungo vyake vyote.

Anna haongei nami. Ni uchovu tu.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mama kapika mwenyewe. Queen aliwekwa mlangoni mwa jiko kunizuia, akafanya kazi hiyo kwa furaha isiyo ya Kikristo.

Pilau. Kuku. Soda. Firigisi mbili mbele ya Mzee, zimeng'aa. Alizitazama muda mrefu. Akala moja. Ya pili akaikata katikati na, bila kumtazama mtu, akasukuma nusu kwenye sahani ya mkewe.

Kisha akasema wao wamekuja kuomba binti. Anna alilia mpaka Festus naye akalia.

Wote wanamsifu Mama kwa pilau. Mimi najua kilichofanikisha: wanawake kwanza.

Harusi ni Juni, ukumbini Landover, watu mia tatu. Mama amesema kazi yangu itakuwa kupokea makoti ya wageni.

Nilimwandikia mwenyekiti wa kamati ya harusi barua ya kurasa nne: kozi kumi na moja, pamoja na bata maji aliyechongwa kwa barafu. Nikabandika stempu, nikaenda kuitia posta kabla Mama hajatoka bafuni.