Seva ya Dufie Isiyopaswa Kuwaka

Jumatatu, 2 Machi

Boahen, kaka wa marehemu mke wangu, alipita asubuhi. Kamaliza uji wangu, kisha akasema Jumamosi mwaka unatimia tangu Dufie aondoke, ukoo utakuja kuchukua vitu vyake. Desturi. Mali ya mwanamke hurudi kwa ukoo wa mama yake. Vitambaa, sawa. Vyungu, sawa. Ila ameitaja na seva, ile kompyuta kubwa ya Dufie. Anaitaka kwa duka lake la kuchapisha mabango.

Seva ni Yaw. Dufie aliipa jina hilo kwa sababu ililetwa Alhamisi, kama aitwavyo kwetu mtoto wa kiume aliyezaliwa siku hiyo. Imetumika Ulaya kabla yetu, nzito kama jiko. Unga wa mkate aliuacha uumuke nyuma yake, panapotoka hewa ya moto. Mimi nilizoea kulala nikisikia mvumo wake ukutani.

Nimemwambia Boahen imekufa. Si uongo! Mwezi wa Januari niliiwekea mfumo endeshi mpya, na mfumo huo hauitambui kadi yake ya diski, ile inayoziunganisha diski na mashine. Mtengenezaji ameacha kuihudumia. Boahen akasema mashine hazifi, husinzia tu. Atakuja na fundi.

Mpango: nisifanye lolote. Sijawahi kubuni mpango mwepesi hivi.

Jumanne, 3 Machi

Sijafanya lolote. Nyumba kimya mno. Nasikia jirani akitafuna.

Nimechungulia mtandaoni, kuhakikisha tu kwamba kiendeshi hakipo, yaani ile programu ndogo inayoufundisha mfumo kuongea na kadi. Kwa mtengenezaji: hakipo. Vizuri. Kwenye jukwaa la mafundi, mtu aliuliza swali langu hilihili, akaambiwa anunue mashine mpya. Vizuri sana. Kisha akaandika, "Nimeshatatua, asanteni," akaondoka bila kusema vipi. Mtu wa namna gani huyo? Fufu ya chakula cha jioni imenishinda.

Alhamisi, 5 Machi

Kadi ile iliuzwa kwa majina mawili! Chipu ni ileile, na pacha wake bado ana kiendeshi. Nimekitia kwenye flashi, kwa udadisi tu, nikachomeka diski ya akiba na kuweka mfumo upya. Ulipolalamika hauoni diski, nikauelekeza kwenye flashi. Diski zikajitokeza zote, kama kuku walioitiwa mahindi.

Yaw anavuma. Tena siku yake. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye joto lake, mpaka chai ikapoa.

Kisha nimeizima, nikaitoa ile diski ya akiba. Bila hiyo mfumo hauwaki. Seva nimeinyunyizia vumbi la chini ya kitanda. Limekaa vizuri.

Ijumaa, 6 Machi

Sikukuu ya Uhuru. Gwaride barabarani. Mimi niko mbele ya kioo, najizoeza kusema, "Imekufa, shemeji." Sura yangu inaaminika.

Jumamosi, 7 Machi

Ukoo umefika, wote kwa nguo nyeupe. Maombi, wali wa jollof, machozi kiasi. Kisha fundi Sarfo, mtu mpole, akapiga magoti mbele ya Yaw. Nimesimama pembeni, diski mfukoni. Akajaribu mfumo huu, akajaribu ule. Hauoni kitu. Mwisho akasema kadi hii haina kiendeshi duniani. Boahen akaguna, akasema chuma hiki hakibebi. Nibaki nacho, nikifanye kigoda.

Nilikuwa nimeshinda! Kilichobaki ni kunyamaza.

Sarfo akajifuta jasho, akanipa pole. "Usijilaumu, baba. Hapa hata bingwa asingeweza."

Hata bingwa.

"Bingwa gani?" mtu akauliza. Kumbe ni mimi. "Hebu sogea kidogo."

Diski imetoka mfukoni, Yaw amevuma mbele ya ukoo mzima. Mama mkwe amepiga makofi. Nimeeleza habari ya kadi pacha kwa kirefu, mara mbili, maana shangazi alikuwa jikoni. Boahen amesikiliza kwa adabu sana. Kisha akaita teksi.

Jumapili, 8 Machi

Nimekanda unga, nikauweka nyuma ya friji. Haukuumuka.

Baada ya kanisa Boahen kapiga simu kushukuru. Yaw anafanya kazi vizuri. Nimemwomba aiweke simu karibu nayo. Akaiweka, hakuuliza kwa nini, mpaka salio lake likaisha.

Jumamosi ijayo wanarudi kuchukua cherehani ya Dufie. Nilishawaambia imekufa, gurudumu halizunguki. Safari hii mdomo nitaufunga. Nimejifunza.

Jioni nimeitia mafuta, kuhakikisha tu. Inashona mstari ulionyooka ajabu, hata ilipokuwa mpya haikushona hivi. Nimemtumia Boahen ujumbe, kumuuliza kama Sarfo naye atakuja.