Kinanda cha Gilgil

Jumatatu, 3 Juni 1957

Nimepata kinanda! Cha kale, cha Mzungu wa Gilgil anayefunga shamba na kurudi kwao. Dalali wake, Hiram, ameniandikia barua: mbao nyeusi, meno ya pembe ya ndovu, sauti ya kanisani. Anataka tubadilishane kwa baiskeli yangu. Sijakiona. Haidhuru. Barua ni nzuri mno.

Sababu ni Naliaka, mke wangu. Zamani aliimba misheni huko Kimilili, kando ya kinanda. Tangu nimlete hapa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, mwaka wa pili huu, sijamsikia akiimba hata ubeti mmoja. Inaniuma. Mke akiacha kuimba, kosa ni la nani? Langu mimi, Makokha, karani wa bohari la mizigo, stesheni ya Nakuru.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwambia Obura. Kosa! Obura ni karani mwenzangu na jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ana santuri, na kila Jumamosi huipiga dirisha likiwa wazi ili sote tujue anayo. Akasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikamjibu si mbuzi, ni kinanda. Akaniuliza ni nani anayewafokea wateja hapa kila siku, "Fungua kwanza, ndipo utie sahihi!" Ni mimi. Lakini hayo ni ya wateja. Huyu ana wivu tu.

Baiskeli imepanda treni ya saa nne. Madigadi yake, yale mabati ya juu ya magurudumu, yalipiga kelele kama debe la mawe; sitaikumbuka. Ila nilipoiona keria ikiingia behewani, pale anapokaa Naliaka tukienda kanisani, nilitazama kando. Yeye nimemwambia baiskeli iko kwa fundi.

Jumatano, 5 Juni

Nimepima ukuta. Kinanda hakiingii mpaka kitanda kitoke. Nimetoa kitanda. Naliaka akauliza tutalala wapi. Nikasema kulala chini kunanyoosha mgongo. Akatandika mkeka. Mwanamke huyu simstahili.

Jumamosi, 8 Juni

Kimefika! Nilikuwa nimeita wapagazi wanne na mkokoteni. Nikatia sahihi mbio mbio. Wapagazi wakauliza mzigo uko wapi. Obura akauleta kwa mkono mmoja.

Sanduku la kadiri ya debe la mafuta. Limepigwa misumari, na juu yake mwandiko wa Hiram: lisifunguliwe njiani, vumbi la Kariandusi litaharibu sauti. Ndani, kinanda cha kuvuta! Kile cha kuning'iniza shingoni, cha watu wa dansi. Ngozi imepasuka. Meno yamebaki matatu. Panya amezalia humo.

Nikampigia Hiram kwa simu ya stesheni. Akasema kwa upole, "Karani, uliomba kinanda. Hicho si kinanda?" Jina ni hilo hilo, jamani!

Obura hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinisaidia hata kurudisha kitanda.

Jioni nikamweleza Naliaka yote, baiskeli na uongo wa fundi pamoja. Nikamwambia nilitaka aimbe tena. Akakishika kile kinanda, akakivuta, kikakohoa. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akasema, "Lakini mimi naimba kila Jumapili. Pale nyuma, kwenye keria, kwenda na kurudi. Nilidhani unasikia."

Kelele za madigadi! Miaka miwili!

Jumapili, 9 Juni

Tumekwenda kanisani kwa miguu. Tulipovuka reli nikamwomba aimbe. Akaona haya kwanza, kisha akaanza, taratibu, akitazama mbele. Nilipunguza hatua makusudi. Tukafika mahubiri yakikaribia kwisha, na mzee wa kanisa akatukazia macho. Sikujali. Nampenda mke wangu. Naandika hapa kwa sababu mdomo wangu hauna ujasiri wa kulisema.

Jioni nimemkuta ameloweka miguu kwenye karai. Viatu vya kanisani vimemtoa malengelenge mawili. Alisema si kitu. Ni kitu. Lazima nipate baiskeli nyingine.

Jumatatu, 10 Juni

Hiram amepiga simu mwenyewe. Kumbe mtu huyu ana huruma! Kuna Bwana wa Elmenteita anauza baiskeli ya kale, imara, iliyotoka Ulaya kwa meli, na haina mlio hata kidogo. Kimya kabisa! Naliaka atapumzisha miguu, na mimi nitasikia kila neno. Hiram anataka nimrudishie kinanda tu, na koti langu la mvua juu yake.

Obura amenisihi niende nikaione kwanza. Nikamwuliza, ukimya unaonekanaje?

Kinanda na koti vimepanda treni ya saa nne. Mvua imeanza.